Nyonga bandia: mgonjwa aelezwe upasuaji wa pili kabla ya ule wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu, hili likiwamo, huliishia katikati. Kila inapofanyika kambi ya upasuaji wa kubadilisha nyonga, iwe ya madaktari bingwa wetu wenyewe au ya wageni waliokuja kwa juma moja, tunasoma idadi ya waliopasuliwa, tunaona picha ya mzee aliyesimama kando ya kitanda akiwa na magongo yake, na tunaelezwa kwamba huduma iliyokuwa ikifuatwa India sasa inapatikana nyumbani. Habari hizo ni za kweli na ni za kujivunia. Mimi niliyefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya mifupa hadi kustaafu nimeona watu walioingia wakiwa wamebebwa wakatoka kwa miguu yao. Lakini nyonga bandia ni kifaa, na kifaa kina umri wake. Sijasoma bado habari inayomuuliza daktari, au waziri, kwamba kifaa hicho kitakapochakaa mwilini mwa mgonjwa huyo, mgonjwa atakwenda wapi, akiwa na karatasi gani mkononi, na nani atakayelipa.

Kwa wasioifahamu kazi yenyewe, daktari hukata kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika, huchonga tundu la nyonga na kuweka humo kikombe chenye bitana ya plastiki ngumu au ya kauri, kisha hushindilia shina la chuma ndani ya mfupa wa paja, na juu ya shina hilo huvisha kichwa cha mviringo kitakachozunguka ndani ya kikombe. Shina na kikombe hushikwa kwa saruji maalumu ya mifupa, au huachwa mfupa wenyewe uote na kujishika kwenye uso wao uliofanywa wa kukwaruza makusudi. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za kitaifa za upasuaji huu, ukakadiria kwamba kati ya nyonga 100 zilizowekwa, 89 huwa bado hazijabadilishwa baada ya miaka 15, 70 baada ya miaka 20, na 58 baada ya miaka 25. Mzee wa miaka 75 akiisikia hesabu hiyo ana haki ya kutulia, kwa maana huenda nyonga yake ikamfikisha mwisho wa safari bila kuguswa tena.

Wagonjwa wetu, hata hivyo, si wazee wote. Katika nchi za Ulaya nyonga nyingi hubadilishwa kwa sababu ya kusagika kwa gegedu uzeeni. Hapa kwetu, pamoja na hao, wodi hupokea vijana ambao kichwa cha paja kimekufa kwa kukosa damu: wenye selimundu, waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, waliozoea pombe kali, waliovunjika shingo ya paja kwenye ajali ya bodaboda, na wale ambao kiungo chao kiliingia usaha utotoni kikaachwa hivyo hivyo. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kwa kadiri huduma inavyoboreka na wengi wao wanavyofika utu uzima, ndivyo watakavyokuja kuhitaji nyonga wakiwa na miaka 25 au 30. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017 kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza ulionyesha kwamba aliyebadilishwa nyonga baada ya umri wa miaka 70 ana uwezekano wa takriban asilimia 5 wa kuhitaji upasuaji wa marudio maishani mwake, wakati mwanamume aliyepasuliwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini uwezekano wake hufika karibu asilimia 30. Hao ni wa miaka hamsini. Kijana wa miaka 28 anayewekewa nyonga leo, na tukamwombea maisha marefu kama inavyotupasa, anastahili kuambiwa waziwazi kwamba upasuaji wa pili kwake ni jambo la kupangiwa tangu sasa.

Kwa nini nyonga huchoka? Hadithi ya Sir John Charnley, daktari wa hospitali ya Wrightington kule Lancashire, Uingereza, inalieleza hilo vizuri kuliko maelezo yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Charnley alitengeneza vikombe vya plastiki aina ya Teflon akavitia kwa karibu wagonjwa 300. Mwanzo walifurahi sana. Baada ya miaka michache vikombe vilikuwa vimelika, na vumbi lake limeamsha kinga ya mwili ikaanza kuushambulia mfupa uliokuwa jirani, hivyo ikabidi wagonjwa wale wafunguliwe tena. Charnley alijidunga pajani mwake mwenyewe chembe za Teflon na za plastiki mpya aliyokuwa akiifikiria, ili aone mwili ungezipokeaje. Na kuanzia Novemba 1962 akahamia kwenye hiyo plastiki mpya, polietilini, ambayo vizazi vyake ndivyo vinavyotumika hadi leo. Polietilini inayotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hulika polepole zaidi, na kwa sababu hiyo takwimu za miaka 25 nilizozitaja, ambazo ni za vifaa vya zamani, huenda zikawa nzuri zaidi kwa waliowekewa vifaa vya siku hizi. Hata hivyo msuguano haujakoma, na vumbi likiwa jingi mfupa huliwa kimyakimya.

Neno hilo, kimyakimya, ndilo ambalo wagonjwa hawaelezwi. Mfupa unaweza kuliwa kuzunguka kikombe kwa miaka bila maumivu yoyote, na siku maumivu yanapokuja, mara nyingi kifaa kimeshalegea na mfupa wa kukishikiza kingine umepungua. Kikombe kilicholegea huuma zaidi kinenani, shina lililolegea huuma pajani, na dalili ya kuangalia ni maumivu ya hatua za kwanza mtu anapoinuka kitini, yanayopungua akishatembea kidogo. Picha ya eksirei inayopigwa kila baada ya miaka michache, ikalinganishwa na ile ya kwanza, huyaona mabadiliko kabla mgonjwa hajayahisi. Hii si teknolojia ngeni. Mashine za eksirei ziko katika hospitali zetu za mikoa. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mgonjwa arudi hata kama haumwi, na mila ya kwetu, tuseme ukweli, ni kwenda hospitali pale tu tunapoumwa.

Lakini si nyonga zote zinazosubiri miaka 20. Katika utafiti ule wa Uingereza, kwa waliopasuliwa kabla ya umri wa miaka 60 na baadaye wakahitaji marudio, nusu yao walirudi mezani ndani ya miaka minne na miezi michache. Kulegea kwa kuchakaa hakuji mapema hivyo. Kinacholeta watu mapema ni kuteguka, maambukizi, kuvunjika kwa mfupa unaozunguka shina, na kifaa ambacho hakikushika tangu mwanzo. Kuhusu kuteguka, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia huwaonya wagonjwa wasikunje nyonga kupita pembe mraba, wasikunje nne, wasivuke mguu mmoja juu ya mwingine wanapolala. Maonyo hayo yameandikwa kwa watu wa viti na vitanda virefu. Mama wa Tanga au Lamu anayerudi nyumbani kwake anakutana na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, choo cha kuchuchumaa, mkeka wa kulia chakula na msala wa kuswalia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotajwa katika karatasi aliyopewa. Ni wajibu wetu kumtajia kwa majina: aswali juu ya kiti hadi daktari wake atakapomruhusu vinginevyo, choo kiwekewe kiti cha kunyanyua, na kazi ya kukuna nazi ikabidhiwe wajukuu.

Maambukizi ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote. Vijidudu vinaweza kuingia siku ya upasuaji, au miaka baadaye vikitokea kwenye jino bovu, kidonda cha mguu au njia ya mkojo, vikasafiri kwa damu na kujibanza juu ya chuma, mahali ambapo dawa haiwafikii vizuri. Mgonjwa anayeanza kuvuja maji kwenye kovu, au ambaye nyonga yake inauma mchana na usiku bila kutulia, kwa kawaida hupitia kwanza duka la dawa akapewa vidonge vya antibayotiki, kisha kwa mkandaji, na hospitali inakuwa ya mwisho. Vidonge vile hupunguza makali ya dalili bila kuua vijidudu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba maabara inapokuja kuotesha majimaji ya kiungo haioti kitu, kwa hiyo daktari anabaki anapigana na adui asiyemjua jina. Mwenye nyonga bandia asinywe antibayotiki kwa ajili ya nyonga hiyo kabla daktari wa mifupa hajamwona na kuchukua kipimo, isipokuwa tu akiwa amezidiwa kwa homa na maisha yake yako hatarini, na hata hapo pa kwenda ni hospitali.

Sasa nije kwenye upasuaji wenyewe wa marudio, kwa kuwa watu wengi hudhani ni ule wa kwanza unaofanywa mara ya pili. Sivyo. Shina lililoshikwa na saruji hutolewa kwa patasi, vipande kwa vipande, na pale linapogoma daktari hulazimika kuupasua mfupa wa paja kwa urefu, akatoa chuma na saruji, kisha akaufunga tena kwa nyaya. Damu inayopotea ni nyingi zaidi na muda mezani ni mrefu zaidi. Mahali mfupa ulipoliwa hujazwa mfupa wa kusagwa, ambao katika nchi zenye benki za mifupa hutokana na vichwa vya paja vya wagonjwa wengine waliopasuliwa mara ya kwanza, vikahifadhiwa kwenye ubaridi mkali. Shina jipya huwa refu zaidi ili lipate kushika chini, kwenye mfupa ambao haujaguswa. Kama sababu ni usaha, kazi mara nyingi hugawanywa mara mbili: kwanza kila kitu hutolewa na kuwekwa kifaa cha muda cha saruji iliyochanganywa na antibayotiki, mgonjwa hukaa majuma au miezi akitibiwa, halafu ndipo awekewe nyonga mpya. Wapo ambao mpya haiwezekani, wakaachwa bila kiungo, mguu ukawa mfupi na gongo likawa la kudumu.

Matokeo ya muda mrefu ya upasuaji huo ni ya wastani, na ndivyo yanavyopaswa kusemwa. Wengi hupungukiwa maumivu na hurudi kutembea, wala sitaki msomaji mwenye nyonga iliyolegea aikimbie hospitali kwa sababu ya barua hii. Ila hawarudi walipokuwa baada ya upasuaji wa kwanza: misuli ya pembeni ya nyonga iliyokatwa mara mbili hudhoofika, wengi hubaki wakichechemea, na hatari ya kuteguka na ya maambukizi huongezeka. Uchambuzi wa kumbukumbu za kitaifa za Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban moja kati ya nyonga tano zilizorudiwa mara ya kwanza hurudiwa tena ndani ya miaka 15; zile zilizorudiwa mara ya pili, kiwango hichohicho hufikiwa ndani ya miaka 7; na zilizorudiwa mara ya tatu, ndani ya miaka 3. Kila marudio huifupisha ile nafasi inayofuata. Ndiyo maana marudio ya kwanza yanapaswa kufanywa vizuri, mapema, na mahali penye uzoefu.

Hapo ndipo linapoingia suala la karatasi, ambalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila sehemu ya nyonga bandia hutoka kiwandani ikiwa na stika zenye jina la mtengenezaji, aina, saizi na namba ya toleo. Stika hizo zimewekwa ili moja ibandikwe kwenye faili, na zipo za kutosha kumpa mgonjwa pia. Fikirieni mgonjwa ambaye bitana ya kikombe imelika lakini shina lake limeshika imara. Daktari akijua ni shina la kampuni gani na shingo yake ni ya kipimo gani, anaweza kuagiza kichwa kipya na bitana mpya, akaliacha shina mahali pake, na upasuaji ukawa mdogo. Asipojua, kichwa cha kampuni moja hakivishwi kwenye shina la nyingine, sawa na nati ya gari moja isivyoingia kwenye bolti ya gari jingine, na anaweza kulazimika kuling’oa shina zima lililokuwa halina kosa, kwa patasi zile nilizozieleza. Mtu anapasuliwa paja kwa sababu stika ya ukubwa wa kidole gumba ilitupwa pamoja na maboksi siku ya kambi. Nimewaona wagonjwa wa namna hiyo katika hospitali ambayo sitaitaja, na picha ya eksirei peke yake haikutosha kumtambulisha mtengenezaji.

Nchi nyingine zimelimaliza jambo hili kwa kuanzisha daftari la taifa. Sweden walianza la nyonga mwaka 1979, Australia mwaka 1999, Uingereza mwaka 2003. Faida yake ilionekana katika sakata la kifaa kilichoitwa ASR, cha kampuni ya DePuy iliyo chini ya Johnson & Johnson, ambacho chuma chake kilisuguana na chuma na kumwaga chembe za kobalti na kromi mwilini. Daftari la Australia lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuonyesha kwamba nyonga hizo zinarudi mno. Takwimu za Uingereza zikaonyesha takriban moja kati ya nane ikihitaji marudio ndani ya miaka mitano. Na Agosti 2010 kampuni ikakiondoa sokoni duniani kote, wakati kimekwisha kuwekwa kwa watu wapatao 93,000. Penye daftari, wagonjwa waliitwa kwa majina wakapimwa damu. Pasipo na daftari, mgonjwa angejuaje kwamba kilichomo pajani mwake ndicho kilichoondolewa sokoni?

Atakayesema hayo ni mambo ya matajiri, nitamjibu kwamba Malawi wamekuwa na daftari lao la kitaifa la viungo bandia tangu mwaka 2005, na Malawi si tajiri kutuzidi. Idadi ya nyonga zinazobadilishwa katika ukanda wetu bado ni ndogo kiasi kwamba daftari moja lenye safu za jina, tarehe, sababu ya upasuaji, stika na namba ya simu ya ndugu wawili linaweza kutunzwa na karani mmoja. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ina hadhi ya kuliongoza kwa Tanzania, na hospitali za rufaa zikapeleka taarifa huko. Tukisubiri idadi iwe kubwa, tutakuwa tumekwisha kuwapoteza walio wengi.

Kuhusu kambi za wageni, sina ugomvi nazo. Naomba tu kibali chao kiambatane na masharti mepesi: waache orodha ya vifaa walivyoweka, waache vifaa vya kutolea shina la aina hiyo, na wamtaje daktari wa hapa atakayewafuatilia wagonjwa wao. Na katika mjadala wa Bima ya Afya kwa Wote unaoendelea tangu sheria yake ya mwaka 2023, wanaopanga vitita vya mafao wasiiweke nyonga ya marudio katika fungu moja na nyonga ya kwanza, maana gharama ya kifaa, damu, antibayotiki na siku za kulazwa hailingani hata kidogo. Hospitali itakayolipwa kiwango kilekile itajifunza haraka kuwakwepa wagonjwa hao.

Kwa waliokwisha kuwekewa nyonga na hawana karatasi yoyote, nashauri waende sasa, wakiwa wazima, katika hospitali waliyopasuliwa na kuomba nakala ya maelezo ya upasuaji na ya ukurasa wenye stika. Wapige picha ukurasa huo kwa simu na kumtumia mtu mwingine katika familia, kwa kuwa simu hupotea. Picha ya eksirei ya majuma ya kwanza, kama bado ipo nyumbani, isitupwe hata ikiwa na miaka kumi. Daktari atakayemwona baadaye ataitaka hiyo kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu ndiyo itakayomwonyesha kama shina limeshuka na kwa kiasi gani. Faili likiwa limepotea, waombe angalau jina la daktari aliyepasua na mwaka, maana mara nyingi hospitali hununua vifaa vya aina moja kwa kipindi fulani, na kwa hayo mawili mtu wa bohari anaweza bado kukumbuka ilikuwa kampuni gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu wa wodi ya mifupa,
Tanga